Betri ya kuwashia gari isibebeshwe kazi ya kambi

Msimu wa utalii ukichanganya, nenda alfajiri kwenye kambi yoyote ya umma, iwe Seronera, Ruaha au kando ya Mto Mara, usikilize magari yanavyowashwa. Mengi hupokea mara moja. Lakini halikosekani moja ambalo stata yake inalia "tk, tk", kisha kimya. Friji imenguruma usiku kucha, simu na kamera za wageni zimechajiwa mpaka zikajaa, taa ya jikoni imewaka hadi saa nne, na vyote hivyo vimenyonya betri moja. Hapo zinaanza kuombwa waya za kubusti, wageni wanasimama na vikombe vya kahawa mkononi, na simba waliotakiwa kuonwa kabla jua halijapanda wanaingia zao kichakani kulala.

Tumeizoea hali hii hadi tunaiona ni sehemu ya safari. Haistahili kuzoeleka. Porini huwezi kutembea kwa miguu kwenda kutafuta fundi. Gari la gia otomatiki haliwashiki kwa kusukumwa, na hata la gia za mkono, nani atakubali kulisukuma kwenye majani marefu ambako fisi walikuwa wakilia saa mbili zilizopita? Betri iliyokufa mjini ni kero. Betri iliyokufa hifadhini ni suala la usalama wa watu.

Hoja yangu ni fupi: gari lolote linalolala porini zaidi ya usiku mmoja libebe paneli ya sola, na paneli hiyo iunganishwe kwenye betri kwa kontrola, fyuzi na waya wenye unene unaofaa. Sehemu ya pili ya hoja ndiyo nzito zaidi. Paneli zimejaa madukani, kuanzia Kariakoo hadi Nairobi. Kinachokosekana ni uungaji wa heshima, na sola iliyoungwa ovyo huua betri vilevile, wakati mwingine haraka kuliko kukosa sola kabisa.

Tuanze na betri yenyewe, maana wengi tunaifungulia boneti kila siku bila kuijua. Betri ya risasi na asidi ilibuniwa na Mfaransa Gaston Planté mwaka 1859, na misingi yake haijabadilika hadi leo. Mwaka 1912 kampuni ya Cadillac ilipoanza kuuza magari yenye stata ya umeme iliyobuniwa na Charles Kettering, betri ilikabidhiwa kazi iliyokuwa ikifanywa na mkono wa dereva kwa hendeli: kuzungusha injini. Tangu hapo betri ya gari hutengenezwa kwa ajili ya kazi hiyo. Sahani zake za risasi ni nyembamba na nyingi, ili zitoe mamia ya ampea kwa sekunde chache, halafu alteneta irudishe kilichotumika. Kuitaka iendeshe friji usiku na mchana ni kumchukua mkimbiaji wa mita 100 na kumtwika mzigo wa mpagazi wa Kilimanjaro. Atajaribu, na ataumia.

Kuumia huko kunapimika. Weka mita kwenye betri nzima iliyojaa na kupumzika saa kadhaa, itasoma volti 12.6 au 12.7. Ikisoma 12.2, karibu nusu ya akiba imekwenda. Ikishuka hadi 11.9, betri imekwisha, hata kama redio bado inaimba na taa ya ndani inawaka. Hapo ndipo watu wengi wanapohadaika: taa ndogo haihitaji nguvu kubwa, stata ndiyo inayoihitaji. Na betri ikiachwa katika hali hiyo kwa siku kadhaa, sahani zake huota fuwele za salfeti ya risasi. Fuwele zikishakuwa ngumu, hakuna chaji itakayozirudisha zote kuwa risasi na asidi. Uwezo uliopotea umepotea. Mmiliki anasema amenunua betri feki, kumbe aliinyima chakula.

Kuna gharama nyingine ambayo haionekani kambini. Betri iliyokufa kabla ya wakati wake haitoweki, huenda mahali. Wakazi wa Owino Uhuru, kitongoji cha Mombasa, wanajua inakokwenda. Kiwanda cha kuyeyusha betri chakavu kilichowekwa katikati ya makazi yao kiliacha risasi kwenye udongo, kwenye hewa na kwenye damu za watoto. Phyllis Omido, aliyekuwa mfanyakazi wa kiwanda hicho kabla ya kugeuka kuwa mpiganaji wa haki za majirani zake, alipewa Tuzo ya Mazingira ya Goldman mwaka 2015 kwa juhudi za kukifungisha. Mtu anayebadilisha betri kila mwaka kwa sababu anaitesa porini anaongeza risasi kwenye njia hiyo, ajue asijue. Betri inayoishi miaka minne au mitano ni faida ya mwenye gari, na pia ni faida ya jirani wa kiwanda.

Sasa tupige hesabu ya kambi. Friji ndogo ya gari, ya lita 40 hivi yenye kompresa, hula ampea tatu hadi tano inapofanya kazi, lakini haifanyi kazi mfululizo. Kwa wastani wa siku nzima katika joto letu, weka ampea moja hadi mbili. Kuanzia saa kumi na mbili jioni hadi saa kumi na mbili asubuhi itakuwa imekula kati ya ampea-saa 12 na 24. Ongeza taa, simu na kamera. Betri ya kawaida ya ampea-saa 70 haifai kushushwa chini ya nusu, yaani una 35 tu za kuchezea, na hizo ni kwa betri mpya iliyojaa kweli. Usiku wa kwanza utapita. Mchana gari likikaa, usiku wa pili unaingia kwenye deni.

Dereva atajibu kwamba injini ipo, anaiwasha nusu saa na betri inajaa. Jibu hili ndilo linalotugharimu zaidi. Injini inaponguruma bila mwendo, alteneta huzunguka polepole na kutoa sehemu ndogo tu ya uwezo wake. Dizeli inaungua, nusu lita hadi lita nzima kwa saa kwa injini kubwa za magari ya utalii, moshi unaingia kwenye mahema ya jirani, na ukimya ambao watu wamelipia kuja kuusikiliza unaondoka. Zaidi ya hayo, betri ya risasi ina tabia yake. Inapokea chaji kwa haraka ikiwa tupu, lakini kadiri inavyokaribia kujaa inapokea kidogo kidogo. Asilimia 20 za mwisho zinaweza kuchukua saa nyingi, hata ukiwa na alteneta kubwa kiasi gani. Kwa hiyo nusu saa ya kunguruma inairudisha betri kwenye hali ya kuweza kuwasha gari, lakini haiijazi. Siku baada ya siku inabaki na njaa, na fuwele zinaendelea kuota.

Jua lina tabia inayolingana na ya betri hii. Linatoa kidogo, lakini linatoa kwa muda mrefu, bila moshi wala kelele, tangu asubuhi hadi alasiri. Ukanda wetu umejaliwa: ukikusanya mwanga wa siku ya kawaida Dodoma, Isiolo au Serengeti, unapata sawa na saa tano au sita za jua kali la adhuhuri. Paneli ya wati 100 ikitoa takriban ampea tano na nusu, na ukikadiria saa tano tu, inarudisha ampea-saa 25 hadi 30 kwa siku. Kiasi hicho kinatosha kuitunza friji ile ya lita 40 siku za jua, mradi wastani wake ubaki karibu na ampea moja. Wastani ukikaribia ampea mbili, ukitaka kuchaji na vifaa vya wageni, au unapiga kambi msimu wa mawingu, weka wati 200. Vile vipaneli vya wati tano vinavyolazwa kwenye dashibodi visikudanganye. Vinafaa kwa gari lililoegeshwa mjini wiki tatu, lenye saa na kengele ya wizi tu. Mbele ya friji ni tone baharini.

Tena vipaneli hivyo huja na plagi ya kuchomeka kwenye tundu la kuwashia sigara, na katika magari mengi tundu hilo hukatika umeme ufunguo ukichomolewa. Mwenye gari ataiacha paneli juani kutwa, taa yake ndogo ikiwaka, wala hakuna hata ampea moja iliyofika kwenye betri. Njia sahihi ni waya unaokwenda kwenye betri yenyewe, kupitia kontrola.

Kwa nini kontrola? Kwa sababu paneli inayoitwa ya volti 12 haitoi volti 12. Ikiwa kazini hutoa karibu 18, na isipokuwa na mzigo hufika 21 au 22. Imetengenezwa hivyo ili iweze kusukuma chaji hata joto na mawingu vinapoipunguza nguvu. Betri ya risasi, kwa upande wake, inataka kuchajiwa hadi volti 14.4 hivi, kisha ikishajaa ishushwe hadi 13.6 kuitunza tu. Ukiunga paneli moja kwa moja, kama wanavyofanya wengi kwa klipu mbili na waya wa spika, siku ya kwanza utashangilia kuona betri imejaa. Siku zinazofuata paneli itaendelea kusukuma betri iliyoshiba. Maji ya betri yatachemka, gesi ya haidrojeni itatoka, na cheche moja karibu na betri ya namna hiyo inatosha kuipasua na kumwagia mtu asidi usoni. Kontrola inayazuia haya yote kwa niaba yako: inapima, inapunguza, inakata. Usiku inazuia umeme usirudi kutoka betri kwenda kwenye paneli. Bei yake, hata ile rahisi, ni sehemu ndogo ya bei ya betri mpya.

Nimewahi kumtazama dereva mmoja akiunga mfumo wake baada ya kufika kambini, na utaratibu aliofuata ungestahili kubandikwa kwenye kila boneti. Aliegesha gari kwenye kivuli cha mgunga, akatandaza paneli yake juani mita chache kutoka hapo, kifudifudi, uso ukiangalia majani. Akaunga kwanza waya za kontrola kwenye betri, chanya kisha hasi. Kontrola ikawaka na kuonyesha volti 12.3. Ndipo akachomeka waya wa paneli, akaigeuza paneli ielekee jua, na namba ya ampea ikaanza kupanda. Wakati wa kuondoka alirudi kinyumenyume: paneli kwanza, betri mwisho. Sababu yake ni ya kiufundi, wala si mazoea ya mtu mmoja. Kontrola nyingi husoma betri ili kujua zinafanya kazi na mfumo wa volti 12 au 24. Zikikutana na paneli kwanza, zinaweza kusoma vibaya au kuungua.

Kwenye waya wake wa chanya, kiganja kimoja tu kutoka kichwa cha betri, palikuwa na fyuzi ya ampea 10. Fyuzi hiyo ndiyo inayorukwa zaidi na mafundi wa haraka, kwa hoja kwamba paneli ni ndogo haiwezi kuunguza kitu. Kweli, paneli haiwezi. Betri inaweza. Waya wa chanya ukichubuka kwenye pembe ya boneti na kugusa bodi, betri ile ile inayozungusha injini ya dizeli itamwaga mamia ya ampea kwenye waya mwembamba, na waya utageuka kaa la moto chini ya boneti huku watu wamelala hemani mita nne kando. Fyuzi lazima iwe karibu na betri, kwa sababu kipande chote kilicho kabla ya fyuzi hakina mlinzi.

Paneli inayotandazwa kwa waya mrefu, kama ile ya dereva yule, ina faida yake kambini, maana hapa tunataka mambo mawili yanayogombana: gari likae kivulini na paneli ikae juani. Kivuli cha tawi moja likipita juu ya seli chache za paneli kinaweza kukata sehemu kubwa ya nguvu yake, kwa kuwa seli zimeungwa mfuatano na iliyo dhaifu inazibana nyingine. Basi tandaza paneli mbali, lakini tazama unene wa waya. Waya wa urefu wa mita 10 wenye unene wa milimita mraba 1.5 hupoteza zaidi ya volti moja kwa ampea tano na nusu. Wenye unene wa 6 hupoteza theluthi moja tu ya volti. Na kontrola ikae karibu na betri, si karibu na paneli. Volti moja ikipotea kati ya paneli na kontrola, paneli inayo ya ziada. Ikipotea kati ya kontrola na betri, kontrola itadhani betri imekaribia kujaa wakati bado. Halafu funga paneli vizuri na mtu aitupie jicho: upepo unaibeba, vumbi linaipunguza, na nyani wa kambini hawaachi kitu chenye kung'aa bila kukikagua.

Malori, mabasi na baadhi ya magari makubwa ya kambi yana mfumo wa volti 24, yaani betri mbili za volti 12 zilizoungwa mfuatano. Kuna mazoea ya kuchukua volti 12 kutoka betri moja ili kuendesha redio au friji, na sasa ya kuichaji betri hiyo moja kwa paneli. Yote mawili yanavuruga uwiano: moja inalala na njaa, nyingine inachemshwa na alteneta, na mwisho zinakufa zote mbili. Gari la volti 24 linataka paneli na kontrola za volti 24, na vifaa vya volti 12 vipewe kibadilishi chake.

Kwa anayepiga kambi mara kwa mara, jibu kamili ni betri ya pili. Betri ya kuwashia ibaki na kazi yake moja. Friji, taa na chaji za simu viende kwenye betri ya sola yenye sahani nene zinazostahimili kushushwa na kupandishwa, na kifaa cha kutenganisha kihakikishe kambi haiwezi kabisa kuigusa betri ya stata. Paneli iichaji hiyo ya pili. Wenye uwezo wanahamia betri za lithiamu, ambazo ni nyepesi na hutoa sehemu kubwa zaidi ya akiba yake bila kuumia, lakini hizo zinadai kontrola iliyopangwa kwa ajili yake. Usichomoe ya risasi na kupachika ya lithiamu ukadhani umemaliza.

Nazijua pingamizi. Ya kwanza: gari linatembea kutwa, alteneta inatosha. Kwa gari linalozunguka na wageni saa nane kwa siku, nakubali, hasa betri ikiwa nzima. Lakini lipo gari la mpishi linalobaki kambini na vyakula vyote, lipo la watafiti linalokaa wiki mahali pamoja, ipo familia iliyokuja Magadi kupumzika Ijumaa hadi Jumatatu bila kuzungusha tairi. Ya pili: gharama. Paneli ya wati 100, kontrola, fyuzi na waya ni gharama ya mara moja, na betri ya gari kubwa ya utalii ikiokolewa isife mapema, sehemu kubwa ya pesa hiyo imesharudi. Pingamizi ya tatu ndiyo inayonisumbua: kwamba haya ni mambo ya kitaalamu mno kwa dereva wa kawaida. Hiyo si kweli, na historia yetu wenyewe inakanusha.

Mwaka 1984, katika shule ya sekondari ya Karamugi huko Meru, Kenya, mwalimu wa kujitolea Mark Hankins na mhandisi Harold Burris walifunga umeme wa jua wakati shule jirani zikisumbuka na jenereta. Jambo la maana lilikuwa kwamba waliwafundisha mafundi wa eneo hilo hilo wafunge shule nyingine. Kutoka kwenye juhudi za namna hiyo Kenya ikawa moja ya nchi za kwanza Afrika kuwa na soko kubwa la sola za majumbani, na mwaka 2012 ikatunga kanuni zinazotaka mafundi wa sola wawe na leseni. Leo mama wa kijijini Singida au Marsabit anajua taa nyekundu ya kontrola yake inamaanisha nini. Ujuzi huu upo kwenye paa za nyasi na za mabati. Ajabu ni kwamba haujaingia chini ya boneti ya gari la utalii linalokodishwa kwa mgeni kwa mamia ya dola kwa siku.

Kwa hiyo kila mmoja afanye sehemu yake. Vyuo vya kufundisha waongoza watalii, na vituo vya VETA vinavyofundisha umeme wa magari, viweke siku moja ya vitendo juu ya kuunga sola kwenye betri ya gari: mita mkononi, kontrola mezani, fyuzi mahali pake. Kampuni za utalii ziingize mfumo wa sola kwenye ukaguzi wa gari kabla ya msimu, kwa uzito ule ule wa breki. Mamlaka za hifadhi ziweke saa za kuzima injini kambini na kuzisimamia, maana penye katazo la kunguruma hovyo watu watatafuta njia safi haraka sana.

Na wewe unayekodi gari la kupiga kambi, una haki ya kuuliza maswali matatu kabla ya kulipa: betri ya stata imetenganishwa na friji? Kontrola iko wapi? Fyuzi iko umbali gani kutoka betri? Mwenye gari akikujibu yote bila kusita, panda. Akikuambia usijali, injini ipo, tafuta gari jingine.